Kabla hujasaini, mdogo wangu: niliyosema Mjimwema

Hotuba hii niliitoa Mjimwema, Songea, Jumamosi moja ya Septemba 2024, mbele ya wasichana wanaocheza mpira, wazazi wao, makocha wawili watatu na vijana wenzangu wa chama. Nimeiandika kama nilivyoisema, nimepunguza tu sehemu nilizojirudia. Wazazi kadhaa waliomba vifungu vya sheria kwa maandishi, navyo nimeviacha humu.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Kaka na dada zangu, habari za mchana. Na nyie wadogo zangu mliokuja na daluga mkononi kama mnasubiri filimbi ya pili, mambo vipi?

Mwenyekiti wetu wa vijana ameniambia nina dakika ishirini. Wanaonifahamu wanajua mwanasheria akipewa ishirini anataka arobaini, na mimi hata mwanasheria sijawa, bado nasoma. Nitajitahidi. Jambo la pili, leo sijaja kugawa kadi. Kuna mama pale nyuma aliuliza mlangoni kama akikaa atahesabiwa mwanachama. Mama, kaa kwa amani. Mtoto wako anacheza mpira, hiyo inatosha kukuleta hapa.

Nianze na swali. Nani anamjua Aisha Masaka? Nyoosheni mikono. Haya, wasichana karibu wote. Wazazi je? Naona mikono mitatu, na mmoja ni wa kocha. Basi niwasimulie wazazi, maana wasichana hawa wanaweza kunifundisha mimi.

Aisha Masaka alizaliwa mwaka 2003. Ni Mtanzania kama hawa mliokaa nao. Alilelewa kimpira Mwanza, kwenye kituo cha Alliance, pale ambapo shule na mpira viko pamoja, akaichezea Alliance Girls. Baadaye akaenda Yanga Princess. Mwaka 2020 timu yetu ya wasichana chini ya miaka 17 ilialikwa kwenye mashindano ya COSAFA kule Afrika Kusini. Tukachukua kombe, na mfungaji bora wa mashindano akawa Aisha. Mwaka 2022 akasajiliwa na BK Häcken ya Sweden, timu inayocheza mpaka Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa wanawake. Na mwezi Julai mwaka huu, 2024, akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Ana miaka ishirini tu na ushee.

Hayupo peke yake. Clara Luvanga alitoka Yanga Princess akaenda Hispania, sasa yuko Al Nassr ya Saudi Arabia. Opah Clement alitoka Simba Queens akaenda Uturuki. Julietha Singano yuko Mexico. Twiga Stars imefuzu WAFCON kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2010. Na mwaka 2022 Serengeti Girls walikwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India. Walifungwa na Japan 4-0, watu wakaanza kucheka mitandaoni. Siku tatu baadaye wakawafunga Ufaransa 2-1. Wakatoka sare na Kanada 1-1, wakaingia robo fainali. Na lile goli la Kanada, wazee wangu, alifunga Veronica Mapunda. Sasa jina la Mapunda hapa Songea nani asilijue? Ukirusha jiwe Mjimwema utampata Mapunda mmoja, akikukosa Mapunda atakupata Komba.

Sisemi haya ili mkapige ndoto. Nayasema kwa sababu nataka tuangalie kitu kimoja kwenye safari ya Aisha ambacho watu hawakiangalii. Mwaka 2020 alikuwa mfungaji bora. Ulaya ameenda 2022. Katikati hapo kuna nini? Kwa nini hakuchukuliwa palepale?

Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 19, zinasema mchezaji hahamishwi kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla hajafikisha miaka 18. Kuna hali chache za kipekee, kwa mfano wazazi wakihamia nchi hiyo kwa sababu zao ambazo hazihusiani na mpira. Lakini kanuni ni hiyo. Aisha aliondoka mwaka alipokuwa na miaka 18. Hesabu inakaa sawa. Kwa hiyo, mama, akija mtu hapa Mjimwema, na wanakuja, akakwambia ana timu Uarabuni au Ulaya inamtaka binti yako wa miaka 15 na anahitaji pasipoti wiki ijayo, huyo mtu hana timu. Anachotafuta ni kitu kingine. Msiogope kumuuliza, na msione aibu kwenda polisi.

Sasa niwaambie kwa nini mimi nayasema haya kwa uchungu.

Mimi nilicheza mpira. Msicheke. Nilicheza beki ya kushoto, hapahapa, mpaka kidato cha pili. Tulikuwa na dada mmoja, simtaji jina, yuko hai na ana maisha yake. Alikuwa ananizidi miaka miwili. Mpira wake sijauona tena kwa msichana yeyote hapa mtaani. Ilikuja timu kutoka mkoa mwingine, nayo siitaji. Walimwona kwenye ndondo, jioni wakaja nyumbani, wakampa mama yake elfu hamsini na jezi, wakamwambia binti asaini karatasi. Akasaini. Alikuwa na miaka 16. Mama aliuliza, "Na mimi nabaki na nini?" Wakamjibu nakala italetwa. Mpaka leo haijaja.

Alicheza miezi saba. Goti likaenda. Wakampeleka hospitali mara moja, akapewa dawa za maumivu, halafu wakampandisha basi. Alifika stendi usiku na begi na fimbo ya kutembelea. Shule ilikuwa imeshampita, mwaka mzima hakuwepo darasani. Mama yake aliuza magunia ya mahindi aliyokuwa ameyaweka ayapeleke NFRA ili apate hela ya kumtibu. Na tulipowauliza wale viongozi, wakasema binti alikuja mwenyewe kufanya majaribio, hawana mkataba naye.

Ndugu zangu, hilo ndilo lililonipeleka kusoma sheria. Nilipofika mwaka wa pili nikafungua Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 11. Kinasema anayeweza kuingia mkataba ni mtu aliyefikisha miaka 18 na mwenye akili timamu. Asiye na sifa hizo, makubaliano yake ni batili. Nikakaa kimya maktaba pale. Kumbe ile karatasi aliyokuwa anaiogopa, ambayo alidhani inamzuia kurudi nyumbani hata pale mwanzo alipokuwa halipwi, haikuwa na nguvu yoyote. Alivumilia miezi saba kwa sababu ya karatasi isiyomfunga.

Kwa hiyo leo nataka wasichana na wazazi mtoke hapa na mambo machache, ya kukumbuka hata bila daftari.

La kwanza. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Na wazazi, hapa mnisikilize vizuri, kifungu cha 8 cha sheria hiyo kinataja wajibu wenu kwa mtoto: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na kimeweka pia haki ya kucheza na kupumzika. Imeandikwa. Kwa hiyo baba anayemwambia binti yake mpira ni wa wavulana, wewe nenda kachote maji, wakati kaka yake yuko uwanjani, huyo baba ana ubishi na sheria ya Bunge, si na mimi. Na kama anasema mwanamke wa Kingoni hafai kwenye mambo ya wanaume, aende Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge akaulize habari za Nkomanile. Wajerumani walipowanyonga mashujaa wetu Februari 1906, na yeye alikuwemo.

La pili. Kama binti hajafikisha miaka 18, asisaini kitu chochote peke yake. Mzazi au mlezi awepo, asome, na kama hasomi atafute mtu wa kumsomea anayemwamini yeye, asiwe yule aliyeletwa na timu. Kifungu cha 18 cha kanuni za FIFA kinasema mchezaji wa chini ya miaka 18 hawezi kufungwa mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Wakiandika mitano, ile ya ziada haitambuliki. Na nakala ibaki nyumbani siku hiyohiyo. Wakisema italetwa, waambie na binti ataletwa siku hiyo nakala itakapoletwa.

La tatu, na hili ni kwa wakubwa zaidi. FIFA inamtambua mchezaji wa kulipwa kwa vitu viwili: ana mkataba wa maandishi, na analipwa zaidi ya gharama anazotumia kucheza. Basi. Hata ucheze Ligi Kuu mbele ya kamera za televisheni, kama huna karatasi wewe ni mchezaji wa ridhaa. Na ukiwa wa ridhaa yako mengi hupati. Tangu mwaka 2021 FIFA imeweka likizo ya uzazi ya wiki zisizopungua 14, kwa malipo ya theluthi mbili ya mshahara. Ni haki nzuri sana, lakini ni ya mwenye mkataba. Matibabu, bima, mshahara uliochelewa, yote hayo utaulizwa: mkataba uko wapi? Dada yetu wa goti aliulizwa hivyohivyo.

La nne, shule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 5, inakataza kabisa kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Kuanzia hapo anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru na isiyomzuia kwenda shule. Timu inayomtaka binti wa kidato cha pili iseme atasoma wapi, nani analipa, nani anasaini ripoti yake. Hata Aisha alipitia mahali penye shule na mpira pamoja. Ndiyo maana nawaomba walimu msiyadharau mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Kwa binti wa Mjimwema, ambaye nauli ya kwenda kufanya majaribio Dar es Salaam ni hela ya chakula ya familia kwa wiki kadhaa, mashindano ya shule ni mlango ambao haumlazimu kukimbia nyumbani.

Sasa nije kwa makocha wetu. Kocha, samahani, najua unanunua mipira kwa hela yako ya bodaboda. Nataka nikwambie ukweli mchungu. Mvulana akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, timu zilizomlea zinaweza kudai fidia ya mafunzo. Kwa mpira wa wanawake, kifungu cha 20 cha kanuni za FIFA kinasema fidia hiyo haihusiki. Hakuna. Unaweza kumlea binti toka ana miaka 12 mpaka 18, akaenda zake Sweden, ukabaki na picha.

Kimebaki kitu kimoja, kinaitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kwa ada ya uhamisho, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa timu zote zilizomlea kuanzia miaka 12 mpaka 23. Tufanye hesabu ya dukani. Binti ameuzwa kwa milioni mia moja. Asilimia 5 ni milioni tano. Kila mwaka uliomlea kati ya miaka 12 na 15, timu yako inapata laki mbili na nusu. Kuanzia 16, kila mwaka laki tano. Umekaa naye miaka minne tangu ana 12, ni milioni moja. Kwa timu ya Mjimwema hiyo ni mipira, jezi, na nauli za msimu mzima.

Lakini kuna masharti. Lazima ada iwe imelipwa, na wanawake wengi wanahama bila ada, mkataba ukiwa umeisha. Na lazima timu yako iwe imesajiliwa, na binti awe amesajiliwa kwenye timu hiyo kwa miaka hiyo. Timu ya mtaani isiyo kwenye vitabu vya chama cha mpira wa miguu haipo. Kocha, tunapomaliza hapa, vijana wa chama walioko chuo tumekubaliana kukusaidia kuandika katiba ya timu na kujaza fomu za usajili. Bure. Na nyie wazazi, cheti cha kuzaliwa. Kama binti hana, nendeni RITA mapema, kabla ya kikosi kuitwa. Umri usio na cheti unaleta maneno, na maneno hayo humwangukia mtoto.

Mtaniambia haya ni mambo ya mbali. Si ya mbali. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, na Songea tulishakuwa na timu humo, Ruvuma Queens. Wasichana waliokuja kucheza Majimaji na Simba Queens na JKT Queens tumewaona kwa macho yetu. Tunaweza tena.

Nimebakiza mawili yanayogusa siasa, na sitayakwepa, maana mtoto hachezi hewani, anachezea kwenye nchi.

Moja ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mpaka leo hii tunapozungumza, inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana ni 18. Julai 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja irekebishe. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Sasa ni Septemba 2024. Sheria haijarekebishwa. Hebu fikirieni: huyu binti FIFA inasema ni mdogo mno kuhamia timu ya Sweden, Sheria ya Mikataba inasema ni mdogo mno kusaini mkataba wa jezi, lakini kuolewa, anaweza. Miaka 15, 16, 17 ndiyo miaka Aisha alikuwa anajengwa kuwa Aisha. Mkimwoza binti wakati huo hamtajua kamwe alikuwa nani. Tutaendelea kulidai hili bungeni na barabarani, na natamani wenzetu wa chama tawala nao walidai, maana na wao wana mabinti.

Lingine ni uwanja. Pale nilipojifunzia mimi kupiga krosi, sasa kuna fremu za maduka. Sina ugomvi na maduka. Lakini hakuna aliyetuuliza wala kutuonyesha pa kuhamia. Uwanja mkubwa wa mji wetu, Majimaji, ni mali ya CCM, kama Kirumba kule Mwanza na Sokoine kule Mbeya. Vilijengwa enzi za chama kimoja, wazee hapa wanakumbuka michango. Msimamo wangu unajulikana: virudi kwa wananchi kupitia halmashauri. Ila hata kabla ya hapo, Novemba mwaka huu tunachagua wenyeviti wa mitaa. Akija mgombea yeyote, hata wa chama changu, muulizeni: eneo la wazi la mtaa huu liko wapi, liko kwenye ramani, na wasichana wana siku gani za kulitumia? Maana hata uwanja ukiwepo, wavulana wanaushika kuanzia saa kumi, dada zao wanabaki kuwashikia viatu. Asiyekuwa na jibu mwambieni akalitafute kwanza.

Dakika zangu zimeisha, naona mwenyekiti anaangalia saa.

Namalizia kwa yule dada wa goti. Nilimpigia juzi nikamwambia nakuja Mjimwema kuzungumza na wasichana, naomba ruhusa nimseme bila kumtaja. Akakubali. Nikamuuliza niwaambie nini. Nilidhani atasema waache mpira. Hakusema hivyo. Alisema, "Waambie wacheze. Ila wamwambie mama asikubali kubaki mikono mitupu." Yeye sasa ana mtoto wa kike wa miaka mitano, na ameshamnunulia mpira.

Wadogo zangu, chezeni. Mama zangu, shikeni karatasi. Kocha, tuonane Jumatatu na fomu.